Mgeni wa Mndimuni

Nilitia pua yangu ndani ya kiota cha maji moto. Kwa hiari yangu, mchana kweupe, na miwani usoni. Sikuteleza wala sikusukumwa. Niliinama, nikapanua majani kwa vidole viwili, nikachungulia kama mtu afunuaye sufuria kutazama kama wali umekauka, na wenye nyumba wakanijibu papo hapo: mmoja kwenye ncha ya pua, mwenziwe ndani ya tundu, mahali ambapo sikuwa najua kuwa mtu aweza kuumwa. Nikapiga ukemi uliowarusha njiwa kwenye paa la jirani.

Mnaonijua mtauliza nilitoka lini nyumbani mpaka nikakutana na mti. Sikutoka. Mimi ni mtu wa ndani. Kizingiti changu nakivuka kwa sababu maalumu, na nikishakivuka naanza kukitamani. Kiota kilinijia chenyewe. Muuza ndimu apitaye na mkokoteni hapa nyuma ya Ndia Kuu aliniuzia ndimu zingali kwenye tawi lake, nione kuwa zimechumwa asubuhi ile. Nilipoliweka tawi mezani nikaona majani kadhaa yameshonwa pamoja kwa uzi mweupe, mfano wa mfuko. Mwenye akili angelitupa dirishani. Mimi nikasikia harufu.

Wa rika langu mliolelewa kwenye nyumba yenye mti uani mwaijua. Maji moto ni yule chungu mwekundu wa mitini, ambaye kuuma kwake huunguza mpaka akapewa jina hilo. Akifinywa hutoa harufu kali ya siki iliyochanganyika na ganda la ndimu. Haidumu. Lakini kwa muda ule mfupi ua wote wa Shangazi ulinirudia: mndimu, kamba ya kuanikia nguo, pipa la maji, nyungo za ndimu zilizotiwa chumvi zikikauka juani. Na katika mndimu ule aliishi mtu niliyemjua. Nilikuwa namtafuta yeye. Ndiyo sababu ya pua.

Shangazi Zuhura amefariki. Arobaini yake imepita juzi tu, na tangu siku hiyo chochote chenye harufu hunifanya mjinga.

Baba alinileta kwake baada ya mama kufariki. Nilikuwa ndiyo kwanza naanza kung'oka meno ya mbele. Baba alikuwa fundi wa mashine za boti kule Liwatoni, mikono yake haikutakata mafuta hata siku ya Idi, na chumba chetu cha Mbaraki kilikuwa chumba cha mtu anayetoka alfajiri na kurudi gizani. Akanifungia nguo zangu kwa leso ya mama, akanishika mkono, tukaingia Mji wa Kale kwa vichochoro ambavyo niliamini vimebanwa makusudi nisije nikajua njia ya kurudi.

"Wiki chache tu, Dada," alimwambia Shangazi mlangoni. "Mpaka nitengenee."

Shangazi alikuwa dada yake mkubwa, mjane asiye na mtoto, mnene, mwenye sauti ambayo haikuhitaji kupanda ngazi ili isikike juu. Akaifungua mikono yote miwili.

"Karibu mgeni wangu! Karibu, karibu!"

Nikalishika neno hilo nikaingia nalo ndani. Mgeni.

Na siku zile za kwanza nilikuwa mgeni kweli. Shangazi alikuwa na kabati la vioo lenye vikombe vya ukingo wa dhahabu, alivyoletewa na marehemu mumewe kutoka Arabuni. Havikuguswa ila waje wageni. Chai yangu ya asubuhi ilikuja ndani ya kikombe kimoja cha hivyo, na kisahani chake, na mahamri yaliyochaguliwa yale yaliyofura vizuri. Nilikishika kwa mikono miwili nikiogopa hata kupumua. Kisha asubuhi moja nikakuta chai yangu kwenye kikombe cha bati, cheupe, chenye ukingo wa buluu, kimebanduka rangi penye mkono. Shangazi mwenyewe alinywea cha namna hiyo hiyo, lakini hilo sikuliona. Nililoliona ni kuwa cha dhahabu kimerudi kabatini, na kabati limetiwa ufunguo.

Jioni ile nikamwuliza Bi Rukiya. Bi Rukiya ni jirani yetu wa mkabala. Kichochoro chetu ni chembamba hata akikaanga pilipili yeye, tunapiga chafya sisi, na dirisha lake la juu latazama moja kwa moja uani kwetu. Wakati ule alikuwa bi harusi wa juzi, na ulimi wake ulikuwa mrefu kuliko mtandio wake. Nilimwuliza mgeni hukaa siku ngapi.

"Mgeni? Siku mbili," alisema, akikung'uta shuka dirishani. "Siku ya tatu hupawa jembe."

"Na ya nne?"

"Ya nne huonyeshwa ndia."

Akacheka, akaingia ndani na shuka yake. Mimi sikucheka. Kesho yake Shangazi alinitia ufagio mkononi akaniambia nifagie ua, nikajua hilo ndilo jembe.

Uani kulikuwa na mndimu mmoja, na mndimu huo ndio uliokuwa ukimlisha Shangazi. Achari yake ya ndimu ilijulikana mitaa yote ya jirani. Watu walituma vibakuli kabla hata haijaiva. Na maji moto walikuwa juu ya mti ule toka zamani, wameshona majani yao huku na kule, wakipanda na kushuka shinani mchana kutwa. Mwenye mti mwingine angewachoma moto. Shangazi aliwatunza. "Hawa ni askari wangu," alikuwa akisema. "Wezi wa ndimu wote wa mtaa huu wawajua kwa makalio yao." Alipochuma, alijipaka jivu mikononi mpaka kwenye viwiko, akazungumza nao: "Taratibu, taratibu, mwanijua mimi." Walimuuma vilevile, lakini hakuvunja urafiki.

Basi nilikuwa nikifagia chini ya mndimu siku hiyo ya jembe, machozi yakinichuruzika kimyakimya, ndipo nikamwona mmoja kwenye jani la chini.

Alikuwa mwekundu kama wenziwe, mwembamba kiunoni kama wenziwe, na pembe zake mbili akizipepea mbele kama wenziwe. Lakini wenziwe walikwenda msafara, naye alikwenda peke yake. Wenziwe wakikutana husimama, wakagusana nyuso, na salamu za maji moto ni ndefu kama za Mji wa Kale: hujambo, wa nyumbani, na watoto, na yule mgonjwa je. Yeye akimwona mwenziwe yuaja, alijitia ana haraka, akazunguka upande wa pili wa jani. Na mbele ya uso wake alibeba mzigo. Mzigo mrefu, wa rangi yake mwenyewe, umemtangulia kama mtu aliyekumbatia godoro. Nikamtazama mpaka Shangazi akaniuliza kama ufagio umeota mizizi. Siku ya pili nikamkuta, na mzigo wake. Siku nyingine tena, na mzigo wake. Wenziwe walibeba nzi, wakabeba vipande vya panzi, wakavifikisha kwao, wakarudi mikono mitupu. Yeye wake hakuutua.

Nikamwelewa mara moja, kwa akili yangu ya meno yaliyong'oka. Yule ni mgeni. Mzigo ule ni nguo zake, na hautui kwa kuwa hajui ataambiwa lini aondoke. Nami kifurushi changu kilikuwa chini ya kitanda, na fundo la leso ya mama sikuwa nimelifungua hata mara moja. Kila nilipotaka nguo niliivuta kwa pembeni, ikishafuliwa nikairudisha kwa pale pale, fundo likabaki kama Baba alivyolifunga.

Nikampa jina: Bwana Mgeni.

Siku moja maji moto mkubwa, mwenye kichwa kama cha njiti ya kibiriti, alimjia uso kwa uso mahali pasipo pa kuzunguka. Nikaona sasa atakamatwa. Bwana Mgeni akajirusha chini, na moyo wangu ukajirusha naye, lakini hakuanguka. Alisimama hewani. Nilipoinama nikaona uzi, mwembamba hata jua lenyewe lilikuwa likiupata na kuupoteza, umetoka tumboni mwake umeshika jani. Alikuwa na kamba yake! Sijapata kumstahi mtu kama nilivyomstahi Bwana Mgeni saa ile. Kumbe mgeni mwenye akili hutembea na mzigo wake mbele na kamba yake nyuma.

Nikaamua kujifunza kwake. Yeye aliishi katikati ya watu wakali, wala hawakumtoa, na siri yake niliiona: alitembea kama wao. Basi nami nikaanza kutembea kama Shangazi. Nilifunga leso kiunoni. Nilishika nyonga nikipanda ngazi. Nikikaa chini nilisema "Yarabi!" kwa pumzi ndefu, na nikinyanyuka nilisema "Yarabi!" tena, ya kupandia. Nilikohoa baada ya sala kikohozi chake kile kile, cha mwanamke mwenye miaka hamsini na mapafu yaliyokula moshi wa kuni.

"Bi Zuhura!" Bi Rukiya akaita kutoka juu. "Kizee gani huyo mfupi umemweka uani?"

"Ameletwa na babake," Shangazi akajibu bila kuinua uso kwenye ungo wake. "Mwache. Jana amenifundisha kuumwa na mgongo."

Walicheka wote wawili, mmoja juu na mmoja chini, na kicheko chao kilipita juu ya kichwa changu kama ndege. Mimi nikahesabu kuwa nimefaulu: hawajagundua.

Wakaja wageni kutoka Lamu, jamaa za marehemu mume wa Shangazi, na kijana wao wa rika langu. Kabati likafunguliwa. Vikombe vya dhahabu vikatoka, mimi na kikombe changu cha bati nikakaa karibu na mlango. Kijana yule akakiangusha chake, kikapasuka vipande. Nilifumba macho. Lakini Shangazi alisema, kwa sauti laini ambayo sikuwa nimewahi kuisikia, "Haidhuru! Shari imeondoka. Hukuumia, baba?" Na akamkatia kipande cha halua kikubwa kuliko changu. Nikajiambia, ala, kumbe nyumba hii ukivunja kitu hupewa halua. Ni vizuri kulijua.

Baba alikuja kila Ijumaa baada ya sala, na samaki aliyefungwa kwa gazeti. Alikaa jikoni kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, akaniuliza kama nasoma chuoni, akanipa peremende yenye harufu ya dizeli, akaondoka. Ijumaa moja nikiwa nyuma ya pazia nikamsikia asema: "Dada, nimepata chumba kikubwa. Mke wa jirani amekubali kumtazama mtoto mchana. Ijumaa ijayo namchukua. Nimekusumbua vya kutosha."

Nikasubiri Shangazi aseme neno. Alikuwa akikoroga mchuzi, na ule upawa wake mrefu ulikuwa ukigonga chungu taratibu, ko, ko, ko. Baba naye akasubiri. Mwishowe Shangazi akaonja, akafikiri, akasema:

"Chumvi imezidi."

Basi.

Wiki ile nilikula bila kusikia ladha. Sikumlaumu mtu, siku ya nne ilikuwa imefika, ilichelewa tu. Lakini nilikuwa nikiondoka niwaache wote, Shangazi na kikohozi chake, Bi Rukiya na dirisha lake, na lililonichoma zaidi ni Bwana Mgeni. Mimi nitaonyeshwa njia. Yeye atabaki peke yake na mzigo wake, hana hata mtu wa kujua kuwa ni mgeni. Nikaona ni ukatili. Alhamisi mchana, Shangazi akiwa jikoni, nikachukua chupa tupu ya achari yenye mdomo mpana, nikajipaka jivu kama nilivyomwona yeye akijipaka, nikapanda mndimu.

Taratibu, taratibu, mwanijua mimi. Nilisema hivyo. Hawakunijua.

Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka tawi likilia, kisha vioo vikilia, maana chini ya mti Shangazi alikuwa amepanga chupa za achari mpya zipigwe na jua, nami nilitua katikati yake. Nikawa nimelala kwenye mafuta na pilipili, na maji moto wamenijaa toka nywele mpaka kwapa, na ile harufu yao ya siki imejaa ua mzima kama mtu aliyemwaga pipa.

Shangazi alitoka jikoni mbio, na sijui kama kabla ya siku hiyo au baada yake alipata kukimbia. Upawa ulikuwa mkononi bado ukichuruzika mchuzi. Akaninyakua, akanivua gauni pale pale, akaanza kuwachopoa maji moto mwilini mwangu mmoja mmoja, kwa vidole, nao wakimpanda yeye mikononi na shingoni wakimla, wala hakujishughulisha. Alinigeuza huku, akanigeuza kule, akatazama nyayo, akatazama kisogo. Vioo havikunipata. Alipohakikisha nimekamilika, akainua uso, akapima kwa macho kutoka lile tawi lililovunjika mpaka chini kwenye vioo. Nikangoja halua.

Upawa ukanipata matakoni.

"Ungevunjika shingo!" Wa pili. "Ungevunjika shingo, wee mtoto, nami nifanye nini? Nifanye nini mimi?" Wa tatu ulinikosa ukapiga pipa la maji.

"Basi, Bi Zuhura, basi!" Bi Rukiya akapiga kelele dirishani. "Wavunja upawa!"

Hakukuwa na haidhuru. Hakukuwa na shari imeondoka. Kwa kijana wa Lamu halua, kwangu upawa. Lipi tena la kufikiri? Nilikwenda chumbani, nikavaa gauni jingine, na shimizi yangu nyuma ikiwa na doa la manjano la mchuzi ambalo halikutoka mpaka shimizi yenyewe ilipoisha. Nikavuta kifurushi kutoka chini ya kitanda. Nikakaa nacho kwenye kizingiti cha ua, kumngoja Baba, ingawa Baba alikuwa wa kesho.

Shangazi alikuwa akifagia vioo, amenipa mgongo, akikohoa. Na kwenye lile tawi lililovunjika nikamwona Bwana Mgeni. Alikuwa amejiachia kwa kamba yake, ananing'inia juu ya ule uharibifu, mzigo mbele ya uso, akizungushwa na upepo. Nikasema moyoni, naye pia amefukuzwa, twende zetu. Lakini akaanza kupanda. Aliushika uzi wake kwa miguu, akaukunja, akapanda, akapumzika, akapanda, mpaka akalifikia jani, akaingia miongoni mwa wale wakali kama mtu aliyetoka dukani. Nikafikiri amesahau kitu.

Kesho yake Baba alipobisha hodi, Shangazi alimfikia mlangoni kabla hajavua viatu.

"Mtoto ameliwa na maji moto, ana homa. Ijumaa ijayo."

Sikuwa na homa. Nilikuwa nyuma yake nimeshika kifurushi, nikila ndizi. Baba akanitazama, akamtazama dada yake, akasema, "Haya, Dada."

Ijumaa iliyofuata: "Wana khitma chuoni, hawezi kuikosa." Nyingine: "Mwezi wakaribia kuandama. Nani ahamishaye mtoto mbele ya Ramadhani?" Baada ya Idi: "Nimemkatia gauni, halijaisha pindo." Gauni lile lilikaa bila pindo mpaka likawa fupi kwangu, na mwanamke aliyekuwa akilishona ndiye yule aliyeweza kushona nguo ya arusi kwa siku mbili. Baba akawa haulizi tena. Akaanza kuleta samaki wa kutosha watu watatu, akakaa akala nasi.

Mtu mzima angeelewa. Mimi nilielewa kitoto: kwamba naongezewa wiki moja moja, kama mgeni ambaye mvua imemzuia. Nilikuwa nikingoja neno, na neno lenyewe ni dogo, "kaa," na Shangazi huyu ambaye maneno yake yalipita kuta hakuwahi kulitamka. Siku moja, nguo za kifurushini zikiwa hazinienei tena, alikivuta mwenyewe, akalifungua fundo la Baba kwa meno, nguo akampa Bi Rukiya amwekee bintiye mchanga. Leso ya mama akaifua, akaikunja, akaitia kabatini chini ya vikombe vya dhahabu, akafunga na ufunguo. Nikasema, basi hata leso imekuwa ya wageni.

Nikakaa. Nilisoma nikafika kidato cha nne, nikarudi nikakaa. Nikaolewa, mume akahamia kwetu. Nikaachika, mume akahama, mimi nikakaa. Wenzangu walikwenda Nairobi, wakaenda Arabuni, wakaniletea manukato na maneno. "Wewe mbona huondoki?" waliniuliza. Ningewaambia nini? Mtu akiingia mahali kwa wiki chache huogopa kutoka kwenda hata dukani, asije akarudi akaambiwa zimekwisha.

Mndimu ulikatwa, mizizi yake ilikuwa imepasua birika la maji la chini ya ua. Siku hiyo sikushuka uani. Na miaka mingi baadaye mjukuu wa Bi Rukiya akanionyesha Bwana Mgeni kwenye simu yake, mkubwa wa kujaa kioo, mwekundu, mzigo wake mbele. Akanisomea. Si chungu, ni buibui. Miguu minane, zile nilizodhani ni pembe ni miguu ya mbele, aliyoiinua kwa hila. Anaishi kando ya maji moto kwa kuwa adui zake wawaogopa, nao wangemshika wangemla. Hakuna aliyemkaribisha. Na ule mzigo haukuwa mzigo. Ni taya zake mwenyewe. Yaani miaka yote hiyo nilikuwa namhurumia mtu kwa uso aliozaliwa nao! Nilicheka mbele ya kijana, nikaenda jikoni, nikakaa huko muda.

Ila hayo yote nilikuwa nimeyavumilia. Lililonishinda ni matanga. Nyumba ilijaa, wanawake wa Lamu walikuja wakashika jiko, na siku ya pili mmoja wao, mke wa kijana yule wa halua, ambaye sasa ana tumbo na upara, alipita na sinia. Walikuwa wamefungua kabati. Akaniinamia pale nilipokuwa nimekaa, ndani ya nyumba niliyoifagia tangu sijaota meno ya pili, akanipa chai kwenye kikombe cha dhahabu, na kisahani chake.

"Karibu, dada," akasema kwa adabu. "Kunywa, usione haya."

Nikakipokea kwa mikono miwili. Sikuweza kupumua.

Sasa rudini kwenye pua. Bi Rukiya aliusikia ukemi wangu, na ingawa magoti yake siku hizi hayamtii, alikwisha vuka kichochoro na kuingia bila hodi, kipande cha kitunguu mkononi. Akanikalisha. Akauliza, mtu mzima hutafuta nini ndani ya kiota cha maji moto. Na kwa kuwa macho yalikuwa yakinitoka machozi tayari, nikaona heri yatoke yote kwa mara moja: nikamweleza. Bwana Mgeni, kifurushi, kikombe cha bati, halua, upawa, Ijumaa zote zile, leso ya kabatini, kikombe cha matanga. Nikamwambia sijui mpaka leo kama Shangazi alinitaka, au alikuwa na haya tu ya kunitoa. Kwamba hakupata kunambia kaa. Kwamba nimezeeka humu ndani nikiwa mgeni.

Bi Rukiya alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si desturi yake. Kisha akanishika kidevu, akanibandika kitunguu.

"Upuzi," akasema. "Mgeni hapigwi upawa. Inua pua hiyo."